Taji la Daftari

Ukipanda Mgeta mwezi wa saba, shoga yangu, beba sweta. Mimi nilikumbuka la mtoto nikasahau la kwangu, nikafika kwa bibi natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Bibi mwenyewe hakuwepo wa kunicheka. Tulikuwa tumepanda kumaliza arobaini yake, na kesho yake asubuhi, wageni walipotawanyika, tulibaki watatu tu pale nyumbani: mimi, dada yangu mkubwa aliyetoka Turiani, na binti yangu wa miaka sita.

Watu walilia vizuri. Mimi sikulia. Nilimenya viazi, nikapanga vikombe, nikaitikia pole za kila mtu, na ndani yangu kulikuwa na ganzi tupu, kama mguu ulioukalia muda mrefu.

Binti yangu alikuwa kwenye gauni lake la binti mfalme. Gauni hilo nimeligombania mpaka nimechoka. Jirani yetu wa Kilakala ndiye aliyemletea, la waridi, lenye pindo linalometameta, na tangu siku hiyo halivuliki. Sasa wewe unanijua. Mimi ndiye yule mama wa semina, ninayezunguka wilaya kwa wilaya kuwaambia wazazi kwamba mtoto wa kike si pambo. Nilimnunulia matofali ya plastiki ili ajenge. Akajenga kasri. Nikamnunulia mpira, akaufanya mtumishi wake, akautuma maji.

Asubuhi hiyo alifungua sanduku la bati la bibi bila kuuliza, akatoka uani na shanga shingoni, nyekundu na nyeupe, mizunguko mitatu, juu ya sweta, juu ya gauni, na mabuti yenye tope chini. Akatutangazia kwamba anataka kubebwa, maana binti mfalme hakanyagi tope. Mimi nikanyoosha mkono kumvua. Shanga zile nilizijua.

Kwa bibi, kazi yetu watoto ilikuwa karoti. Alfajiri tunashuka nazo mtoni, tunazikanyaga kwenye maji mpaka zinang'aa, na maji ya Mgeta hayana huruma, vidole vinakufa ganzi huvisikii tena. Halafu tunapandisha matenga hadi barabarani, maana lori la Dar halimsubiri mtu. Ukilalamika, bibi anakujibu bila kugeuka, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Tukirudi tunakuta njegere zimechemka pamoja na ndizi, moshi umejaa jikoni, tunakula tukilia machozi ya moshi na kucheka. Shamba lile lilikuwa la bibi, la mama yake kabla yake. Kwetu ardhi inafuata tumbo la mama. Semina sikuwa nimezisikia bado, na bibi hakuwahi kuzisikia, lakini mwanamume wa kumwambia apande nini nilikuwa sijamwona.

Dada alipovunja ungo alikuwa darasa la saba. Akawekwa ndani, kama desturi ilivyotaka, chumba cha nyuma chenye kidirisha cha ukubwa wa sahani. Mwali haonekani, hapigi kelele, hatoki mpaka siku ya kuchezwa. Bibi aliahidi kwamba siku ya mtihani ataruhusiwa, na hakika aliruhusiwa. Katikati ilikuwa miezi mitatu. Mwalimu wa hesabu akamwonea huruma, akamwandikia daftari zima la maswali na majibu kwa mkono wake, akanipa mimi nimpelekee. Nilikuwa na miaka minane.

Sasa sisi wadogo, mwali akiwa ndani, tulikuwa na mchezo mmoja tu, mchezo wa mwali. Mmoja anakaa ameinamisha uso, wengine wanampamba, kisha wanamwinua juu, wanamzungusha kijijini kwa makopo na vigelegele. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu, na sikuwa na pambo. Nikachana daftari. Nikaviringisha vipande kuwa shanga za karatasi, nikabandika kwa uji wa muhogo, nikajitengenezea na taji refu lenye namba mbele na nyuma. Walinibeba mpaka kwenye maporomoko ya mawe na kurudi. Niseme wazi, shoga: sijawahi kufurahi vile tena. Kwa mwalimu nilisema nimefikisha. Kwa dada sikusema kitu.

Siku yake ilipofika walimpaka mafuta ya nyonyo akang'aa, wakamvisha shanga hizo nyekundu na nyeupe, shangazi akampandisha mabegani na ngoma ikakesha. Mtihani aliufanya. Jina lake halikutoka. Mwaka uliofuata akaolewa Turiani, kwenye mpunga. Mimi nikafaulu ilipofika zamu yangu, nikaenda shule ya bweni, na uwali wangu ukaishia bwenini kwa kipande cha kanga na vidonge vya tumbo.

Hadithi ya dada nimeisimulia semina nyingi, na mara moja redioni. Nasema walimpamba, wakambeba, wakamtoa shuleni. Daftari sijawahi kulitaja.

Basi nilipomnyooshea mtoto mkono, dada alikuwa ananitazama. Na mimi, sijui kwa nini siku hiyo, nikalisema. Nikasema lile daftari la mwalimu wa hesabu nililichana mimi. Nililisema kwa sauti ileile ninayoagizia nyanya.

"Najua," akasema dada. "Nilikuona dirishani, umelivaa kichwani. Niliusoma mwandiko wa mwalimu."

"Mbona hukusema?"

"Mwali anasema na nani?" Akaendelea kukunja kanga ya bibi. "Liliniuma, mdogo wangu. Sikudanganyi. Mpaka leo nikipima mpunga nakosea hesabu nakukumbuka. Lakini hilo ulikuwa mtoto. Lile la redioni ulikuwa mtu mzima."

Nikamwuliza lipi.

"Ulisema nilipambwa kama mbuzi wa sadaka. Tulikuwa tunapalilia, mama mkwe kawasha redio, wote wakanitazama." Hapo akaniangalia usoni. "Wewe ulinibeba siku ile? Ulijua nilivyokuwa najisikia huko juu? Siku ile ndiyo nilibebwa. Tangu hapo nabeba mimi. Nimebeba maji, nimebeba mpunga, nimebeba watoto saba na mama mkwe akiumwa. Shule uliichana, sawa. Na siku yangu nayo unaichukua kwa nini?"

Nilingoja machozi, maana mahali pake palikuwa ni hapo, hayakuja. Binti yangu alikuwa bado amesimama mlangoni, shanga shingoni, ananisubiri kama abiria aliyekwisha kata tiketi.

"Mwache nazo," akasema dada. "Atazivua mwenyewe akichoka."

Nikachuchumaa topeni. Mtoto akapanda mabegani, akanishika masikio, akaamuru twende mtoni. Kule chini hakuna tena watoto wanaokanyaga karoti, siku hizi zinaoshwa kwa mpira wa maji kando ya barabara. Chumba cha nyuma mjomba ameweka mbolea. Wasichana wa kijiji hawakai ndani, na nashukuru kwa hilo, nimelipigania. Lakini hakuna anayewabeba pia, na hilo sikuwahi kuliandika kwenye ripoti yoyote.

Dada akaja nyuma yetu. Tulipofika kwenye maporomoko ya mawe akapiga kigelegele, kimoja kirefu, kama walivyopiga wanawake wa ukoo wetu walipokuwa wengi. Akangoja aitikiwe, kwa mazoea. Wa kuitikia nilikuwa mimi tu. Nikafungua mdomo, kigelegele changu kikatoka kibovu, cha mtu aliyeishi mjini muda mrefu, na binti yangu akacheka huko juu mpaka shanga zikanigonga kichwani. Moyoni bado sikusikia kitu. Shingoni nilimsikia, mzito kweli, nikatembea naye hivyohivyo mpaka mtoni.