Daftari la Maswali ya Elkana

Mimi Nzai sijawahi kumwamini mtu anayetoa kitu bure, na Elkana alikuwa akitoa majibu bure. Hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia, wala sioni haya kulisema.

Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mwembamba, mpole kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kutunza taa za ishara za reli hapa Changamwe: kupangusa vioo, kukata tambi, kutia mafuta. Alipanga chumba katika nyumba ya madebe ya Mzee Bakari, mlango wa pili kutoka kwangu. Vidole vyake vilinuka mafuta ya taa hata Jumapili, na Jumapili ndiyo siku aliyokaa barazani baada ya kanisa akaulizwa mambo ya mbinguni. Si mambo ya Mungu, la. Mambo ya jua, mwezi na nyota.

Ukimuuliza leo, hakujibu leo. Aliandika jina lako na swali lako katika daftari, akaenda kupekua kitabu cha mabaharia alichopewa na karani mmoja wa meli, na jibu ulilipata Jumapili ya pili. Jina aliliandika, ati, kwa sababu watu huyakana maswali yao wakiona majibu hawayapendi.

Nyamvula, aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha pale mlangoni, alimuuliza Kilimia, kile kikundi cha nyota, kimekwenda wapi. Mwezi wa pili alikuwa akikiona vizuri, na sasa mvua zimeanza hakioni tena.

"Kiko palepale, dada," Elkana alimjibu wiki iliyofuata. "Jua ndilo limefika upande wake. Sasa kinachomoza na jua na kuzama na jua, mwanga unakificha. Mwezi wa sita ukiisha, amka kabla hakujapambazuka, utakiona."

"Kwa hivyo nyota ziko mchana?"

"Ziko. Ukiwasha taa juani huoni mwanga wake, lakini inawaka."

Nyamvula alicheka kwa furaha. Mimi nilijiambia, mtu anayeweza kusema nyota ziko mchana anaweza kusema lolote. Hata hivyo nami niliuliza. Nilitaka kujua kwa nini mwezi hunifuata nikitembea. Akanieleza kwamba uko mbali mno, hatua zangu si kitu kwake, ndiyo maana mnazi unabaki nyuma na mwezi haubaki. Jibu lilinipendeza. Kilichonikera ni jina langu kubaki kwenye karatasi zake.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1947. Januari tulikuwa tumegoma, mji mzima ukasimama, na baada ya mgomo kila mtu akawa anachunga ulimi. Mwezi wa nne Chengo na Kefa, wapangaji wenzetu, waliitwa na msimamizi wao wakafukuzwa kazi. Walisomewa maneno yao wenyewe, neno kwa neno, maneno ya mgomo waliyoyasema barazani kwetu. Mtu aliyapeleka. Na nani pale alikuwa na majina yetu yameandikwa?

Absalom, mpangaji mwenzetu, ndiye aliyelitamka jina la Elkana. Alikuwa kuli wa bandarini, mwenye sauti nene, na alijua kusoma. Mzee Bakari akamwita Elkana mbele yetu sote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hilo daftari lako lilete lisomwe. Nyumbani kwangu sitaki fitina."

Elkana alilileta bila ubishi, na hilo likazidi kunitia shaka. Mtu asiye na kosa hukasirika kidogo.

Absalom akasoma kwa sauti. "Chengo anauliza, mwezi mpevu hutoka saa ngapi. Kefa anauliza, nyota zinazoonekana kwa macho ni ngapi." Akainua kichwa. "Ni nyota au ni watu? Mbona waliofukuzwa ndio hawa?"

Akafunua ukurasa wa mwisho. Huo haukuwa na jina. Uliandikwa: Jumanne, tarehe ishirini Mei, saa kumi na moja jioni. Jua.

"Jua ni nani?" niliuliza mimi.

"Jua ni jua, ndugu Nzai," alisema Elkana. "Jumanne mwezi utapita mbele yake na kulifunika, karibu lote. Litazama likiwa limefunikwa."

Watu wakaguna. Mzee Bakari akasema, "Basi sikiliza. Wallahi, jua likipatwa Jumanne, chumba ni chako na hakuna wa kukutoa. Lisipopatwa, Jumatano uwe umehama."

Jumanne mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ilipofika saa kumi wingu lilikuwa zito, na nitasema kweli, nilifurahi. Elkana alirudi kutoka kazini akasimama uani bila kuvua koti, akitazama upande wa Miritini. Saa kumi na moja ilipopita kidogo wingu likapasuka na jua likatokea.

"Msilitazame, litawaharibu macho," alisema. "Njooni ndani."

Tukajazana chumbani mwake. Madebe ya ukuta wa magharibi yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na mwanga ulipita hapo ukaangukia ukuta wa pili. Madoa ya mwanga ya namna hiyo huwa ya mviringo, hata chumbani kwangu yalikuwako. Siku hiyo kila doa lilikuwa limemegwa upande. Tukasimama tukitazama yakimegwa zaidi, mpaka ukuta mzima ukawa miundu mitupu.

"Kila tundu linachora jua," alisema Elkana. "Jua lenyewe ndilo hilo, mnaliona."

Nje kuliingia giza ambalo halikuwa la magharibi wala la mvua. Kuku wa Nyamvula wakakimbilia bandani. Mzee Bakari akasema Allahu Akbar, akatoka kwenda kutawadha. Na badala ya kumpa mkono mtu yule, nikafungua mdomo.

"Siku uliijua. Saa uliijua. Nani alikwambia?"

"Kitabu."

"Na kitabu kimeandikwa na nani?"

"Na serikali ya Waingereza, kwa ajili ya meli zao."

Mjanja angesema kimeandikwa na padri. Yeye hakudanganya hata hapo.

"Mmesikia kwa masikio yenu!" Absalom akapiga kofi. "Serikali humwambia mambo yake kabla!"

Mzee Bakari aliporudi, uso ungali na maji, alikuta tumeshakata shauri. Akasema ameapa, hawezi kumtoa. Sisi tukasema sawa, asimtoe, ila yeye akibaki, sisi wapangaji kumi na mmoja tunahama mwisho wa mwezi. Mzee wa watu akakaa kitandani kwa Elkana.

"Usivunje kiapo chako, mzee," alisema Elkana. "Nitaondoka mwenyewe." Kisha akanigeukia mimi. "Lisingepatwa mngenifukuza. Limepatwa mnanifukuza. Ningefanya nini, ndugu Nzai?"

Kesho yake asubuhi alijitwika sanduku lake akaenda kupanga Miritini. Nyamvula peke yake ndiye aliyemsindikiza, na tangu siku hiyo hakuniuzia muhogo.

Mwezi wa sita Randu, wa chumba cha mwisho, akaitwa na msimamizi wake akafukuzwa kazi. Alisomewa maneno aliyoyasema barazani kwetu wiki mbili baada ya Elkana kuhama. Jioni hiyo tulikaa pale tukitazamana, na hapana aliyetaja jina la Elkana. Mmoja wetu ndiye aliyekuwa akiyapeleka maneno, na alikaa pale pamoja nasi.

Nilimwonea mtu yule. Miritini si mbali, ni mwendo wa asubuhi moja tu. Sikwenda.