Kahindo alisahau Kifaransa mbele ya Bwana Administrata

Marafiki, leo mutoto mumoja wa darasa yangu amenitoa machozi!

Kahindo alipaswa kueleza kazi yake ya sayansi mbele ya wazazi na Bwana Administrata, mukubwa wa serikali wa hapa kwetu.
Wiki nzima tulirudilia maneno ya Kifaransa.

Akasimama. Yote yakamupotea.

Mimi mwalimu wake, jasho tu!

Ndipo akamwita baba yake kwa Kiswahili: "Papa, kuya hapa. Mimina maji mu hizi sanduku mbili za udongo."

Sanduku yenye kupandwa majani ikatoa maji safi.
Yenye haina majani ikatoa matope matupu.

Papa akainama, akaangalia sana. "Hii iko shamba yetu ya mulima?"

"Njo yenyewe, Papa. Mvua inabeba udongo."

Mungemuona muzee yule baba yake!

"Basi mwanangu, majani tunapanda lini?"