Kikombe cha Mama Kwenye Shuka

Vita vilikuwa bado mbali, kaskazini, nami nilikuwa katekista Gikondo, mtaa wa mji wetu mkuu. Wanafunzi wangu walikuwa mafundi wa gereji na wapakiaji wa maghala, wengi wao kutoka Zaire na Tanzania, kwa hiyo nilifundisha kwa Kiswahili. Namshukuru Mungu kwa kazi ile, ingawa niliishika kwa kuficha jambo moja. Kitambulisho changu kilionyesha kabila la baba, Mhutu. Mama yangu alikuwa Mtwa, wa kabila dogo lililodharauliwa na wote, mfinyanzi wa vyungu, na pale parokiani hakuna aliyejua.

Padri wetu, mzungu, alikuwa na kamera. Alitengeneza filamu ya Msamaria Mwema, akataka Msamaria awe Mtwa, kwa kuwa Watwa, alisema, ndio Wasamaria wa nchi hii. Wazo lilikuwa jema. Ila hakumtafuta Mtwa hata mmoja. Mwimbaji wa kwaya alipakwa masizi, akavikwa ngozi ya mbuzi, akafundishwa kutembea kwa kurukaruka. Mama yangu alivaa kitenge na viatu vya plastiki, na alitembea polepole kwa sababu ya magoti.

Mimi nilitumwa kutafuta kikombe cha udongo. Nilikwenda kwa mama, kijijini kwake. Vipya vilikuwa havijachomwa, akanipa chake mwenyewe. Aliuliza nani atakinywea. Nikamwambia ni fundi wa kuchomelea vyuma, atakayeigiza majeruhi. Akasema atakuja kuona, na nisiogope, ataniita katekista kama watu wengine.

Filamu haikuwa na sauti. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya shuka iliyotundikwa ukutani kuonyeshea picha, na kuwasemea wote waliomo. Jumapili ya kuionyesha, baada ya misa, tuliziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Mama alikuja na vyungu vyake kichwani, akaketi benchi la nyuma. Waliokuwa wamelikalia wakainuka mmoja mmoja, wakaenda kubanana mbele.

Msamaria alipotokea, ukumbi ulicheka. Fundi mmoja akasema, "Katekista, huyo msemee kwa pua bwana." Watu walidai Watwa huongea hivyo. Nilimsemea kwa pua. Nilikuwa nimefanya hivyo kwenye mazoezi, na sikujua namna ya kuacha bila kuulizwa kwa nini. Wakacheka zaidi. Kule nyuma niliona kitenge tu, uso haukuonekana gizani.

Kisha Msamaria akanywa, akampa majeruhi kikombe. Yule fundi wa kuchomelea alikiinua, akakiinamisha, lakini midomo haikugusa. Maji yalimwagika kidevuni. Padri hakuliona siku ya kupiga picha, na pale ukumbini hata mtoto aliliona. Kwetu mtu hakunywea chombo alichonywea Mtwa. Na huyo mwimbaji aliyempa maji alikuwa jirani yake, walikunywa pombe kwa mrija mmoja kila Jumamosi. Mbele ya kamera alikuwa Mtwa, basi, mdomo ukakataa.

"Hajagusa," mtu alisema, na makofi yakapigwa.

Karatasi ya padri mkononi mwangu iliandikwa: majeruhi akanywa, akapata nguvu. Kushoto kwangu palikuwa na ukuta, kulia mwanga wa projekta, na mbele watu waliokuwa wakinisubiri. Mama alikuwa ameniruhusu nijifanye simjui. Huo ndio uliokuwa mzigo mzito.

"Hakunywa," nilisema, kwa sauti yangu. "Mimi nimekinywea kikombe hicho tangu utoto. Ni cha mama yangu, yule pale nyuma."

Hakuna aliyecheka. Filamu iliendelea bila maneno mpaka mwisho.

Mlangoni mama alikuwa akipanga vyungu vyake. "Sikukutuma useme," aliniambia. "Mimi huondoka jioni. Wewe unabaki nao, mwanangu." Hakuwahi kuniita hivyo Gikondo.

Padri alinishika mikono, akasema maneno yangu ni mazuri kuliko yake, niyarudie kila parokia tutakayokwenda. Nilimwomba apige upya kipande kile, na mama awemo. Akasema mkanda umekwisha.

Somo lililofuata walikuja wote, hakukosekana hata mmoja. Kwenye mtungi wa darasa tulikuwa na bilauri moja ya kushirikiana. Siku hiyo kila mtu alikuja na kikombe chake cha plastiki, na hakuna aliyenieleza. Nilisali nao kama kawaida. Halafu nilichota maji kwa kikombe cha mama, nikanywa, nikamshukuru Mungu kwa maji.