Dana Alivyoupinda Mto Kisat

Kila nikinusa tope la mto baada ya mvua, katika mji wowote ambao miguu yangu isiyotulia imenipeleka, narudi Kisumu, darasa la sita, nimepiga magoti juu ya karatasi ya manila.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mwalimu wetu, mtu wa Nyeri, alituagiza tuchore ramani ya mji. Moja tu, ile bora, ingetundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Niliitaka nafasi ile kuliko viatu vipya. Baba alikuwa fundi wa reli, na kwake mji ulizaliwa siku garimoshi lilipofika. Kwa hiyo nilianza na reli, nikaikoleza kwa wino mweusi. Mto Kisat niliuchora mwisho, kwa rula, mstari mmoja wa buluu hadi ziwani.

Siku ya wazazi alikuja pia Dana, nyanya yangu mzaa baba, amevaa viatu vya kuazima vilivyomfanya atembee kama bata. Hakujua kusoma. Alisimama mbele ya ramani yangu, akauliza mto uko wapi. Nikamwonyesha kwa majivuno.

"Mwalimu!" akaita. "Hii mto nani amepiga pasi?"

Wazazi wakaangua kicheko. Kabla sijaficha uso, Dana alikuwa ameshachukua penseli yangu, ameishika kama mwiko, anachora juu ya wino wangu. Machozi yakanitoka. Niliiona ile ofisi ikinipita.

"Mama, unaharibu kazi ya mtoto," Baba alisema.

"Nyamaza wewe. Hapa inakata kona. Hapa tulikuwa tunafua. Hapa chini watu wa milimani wanaleta mtama, wavuvi wanaleta samaki, wanabadilishana. Mama yangu alinibeba mgongoni kuja hapa. Kutafuta chakula hivyo tuliita kisuma. Wewe unafikiri jina Kisumu ilikuja na treni?"

Baba akakuna kichwa. "Haya basi, reli isimame, mto upite." Watu wakacheka tena, ila safari hii walimcheka yeye.

Mwalimu hakucheka. Aliinama kando ya Dana, kalamu mkononi. "Mama, na hii kona ya pili mliiitaje?" Akaandika kila jina alilotajiwa. Wiki iliyofuata ramani yangu ilikuwa ukutani kwa mwalimu mkuu, na michirizi yake yote ya penseli.

Kwa miaka mingi niliamini nilishinda kwa kuhurumiwa. Kisha, siku moja nimerudi nyumbani, niliwasikia vijana wakiuita Kisat mtaro, nikaelewa kwa nini Dana hakuniomba ruhusa. Karatasi ilikuwa yangu, lakini mto ule ulikuwa wake, na bila mkono wake watoto wangeukuta ukutani vile nilivyouchora mimi, umenyooka kama mtaro.

Sikuweza kuwapita. "Mtaro huchimbwa na watu," niliwaambia. "Huu sisi tuliukuta hapa."