Majina ya Mbwa wa Bibi Lydia

Bibi Lydia wa Poli hakujaliwa mtoto, na mumewe alikwisha kufa, lakini alikuwa na mbwa watano, na hakuna hata mmoja aliyemwomba kwa mtu. Walikuja wenyewe, mbavu nje, kwa sababu sifa za jiko lake zilikuwa zimeenea kwa kila mbwa wa upande ule wa Mlima Meru. Jiko lenyewe halikuwa na lolote la ajabu. Bibi alichemsha tena mifupa ambayo majirani walikwisha kuichemsha, akatia ukoko wa ugali na ndizi zilizobonyea. Maji ya kunywa aliyaweka katika kigae cha chungu kilichovunjika. Viroboto aliwaua kwa maji ya tumbaku, na malazi yalikuwa majani makavu ya mgomba, ambayo shambani hayaishi.

Mtu akimwuliza kwa nini ahangaike na mbwa wasio wake, naye aliuliza, "Leo umekula nini?" Mtu akitaja, bibi alisema, "Basi, na wao wana tumbo." Hapo mazungumzo yalikwisha.

Taabu ilikuwa majina. Watu wa pale walikuwa na adabu zao: jirani akikukera humwendei na maneno makali, unampa mbwa wako maneno yale yawe jina, kisha jioni unasimama uani na kumwita kwa sauti. Bibi Lydia aliipenda sana adabu hiyo. Tena majina aliyatoa kwa Kiswahili safi cha shule ya misheni, asije mtu akasingizia kuwa hakuelewa. Mbwa wa kwanza aliitwa Chumvi Kidogo, kwa ajili ya jirani yake Nashilu, aliyekuja na kijiko kitupu kila siku ya Mungu. Wa pili aliitwa Mtanisema Sana, na hilo lilikwenda kwa Elizabeth na wenzake wa kwaya. Jumapili Tu lilimfikia Mzee Mikaeli, mzee wa kanisa, ambaye utakatifu wake haukufika Jumatatu. Na Maji ya Nani, mbwa kilema wa mguu wa nyuma, aliitwa hivyo kwa ajili ya Sumari, mdogo wa marehemu mumewe, aliyegeuza maji ya mfereji yaende kwenye kahawa yake. Kwa miaka miwili bibi na shemeji yake walikuwa hawasalimiani.

Ndipo mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla kukazuka kichaa cha mbwa, na amri ikaja: kila nyumba mbwa mmoja, mwenye mkanda shingoni na jina kitabuni. Asiye na mwenyewe atapigwa risasi siku hiyo hiyo.

Mikanda haikumsumbua bibi. Alisuka mitano kwa nyuzi za mgomba, ikatoka mizuri kuliko ya ngozi. Lakini nyumba alikuwa nayo moja. Akazunguka kijiji kizima kuwasihi majirani kila mmoja amchukue mbwa mmoja. Wote wakakataa. "Mbwa anayenitukana, nikamlishe mimi?" akasema Nashilu, na kusema kweli hapo alikuwa na haki. Nyumba ya Sumari bibi hakuikanyaga kabisa.

Siku ya siku, uwanja wa kanisa ukajaa. Karani alikuwa kijana wa Pangani, na kando yake alisimama askari mwenye bunduki.

"Shikamoo, mama. Mbwa huyu jina lake nani?"

"Marahaba, mwanangu. Mtanisema Sana."

"Sikusemi, mama. Nauliza jina."

"Ndilo hilo. Mtanisema Sana."

"Wallahi sijakusema! Nimefika leo!"

Watu wakashika mbavu. Ilibidi Mzee Mikaeli aje amweleze karani, naye akaeleza vizuri mno, mpaka karani akataka kujua mbwa yule wa pembeni anaitwaje. Alipoambiwa, akauliza kwa sauti, "Mwenye Jumapili Tu ni nani?" Kijiji kizima kikamgeukia Mzee Mikaeli. Mzee akatazama mlima, akatazama viatu vyake, akaona akikataa itazidi kuwa mbaya. "Ni wangu," akasema, akamshika mkanda. Elizabeth, kwa kuona hata mzee wa kanisa amekubali, akamchukua Mtanisema Sana bila kusema neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nashilu akamchukua Chumvi Kidogo, huku akiapa kwamba chumvi yenyewe alikwisha kurudisha.

"Mwenye Maji ya Nani?"

Macho yote yakaenda kwa Sumari. Sumari akakunja mikono. Nani angemtaka mbwa kilema? Bibi Lydia alibaki na nafasi moja na mbwa wawili, na huyu wa tano ndiye aliyelala mlangoni pake na kumpenda kuliko wote. Alijikaza, akasema kwa shida, "Kilema ni wangu."

"Na huyu wa mwisho, jina lake?"

Bibi akainamisha kichwa. "Nani Atanizika."

Karani sasa alikuwa amejifunza, hakujibu. Akaandika, akainua sauti: "Nani Atanizika?"

Kicheko kikafa. Jina hilo hakuna aliyewahi kulisikia, kwa kuwa bibi alilitaja kwa sauti ya chini tu, akiwa peke yake migombani. Aliona aibu kama aliyevuliwa nguo. Askari akaishusha bunduki kutoka begani, tayari kupiga.

"Mimi," akasema Sumari.

Karani akamtazama. "Wewe ndiye mwenye mbwa?"

"Umeuliza nani atamzika. Nimekujibu, mimi. Ni mke wa kaka yangu." Akaja mpaka mbele, akamshika mbwa mkanda kwa woga wa mtu asiyezoea mbwa. "Na huyu mwandike hapo hapo."

Bibi Lydia akalia mbele ya watu wote, na kulia hakukumzuia kusema. "Shemeji," akamwambia, neno lake la kwanza kwake baada ya miaka miwili, "huyo supu ya moto hali. Ipoze kwanza."