Chifu Alipopiga Marufuku Kukonda Pale Munyaka

Wakuu, habari za leo.

Nimesoma humu vijana wakibishana kama depression ni ugonjwa wa watu wa siku hizi wenye simu. Wacha na mimi mzee niseme kitu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Eldoret, enzi za chama kimoja. Sitaongeza chumvi, hadithi yenyewe ilikuja na chumvi ya kutosha.

Mwisho wa miaka ya themanini nilikuwa karani kwenye stoo ya mahindi. Nilipanga chumba Munyaka kwa Mama Wambui, mama wa kutoka Nyeri aliyekuwa na duka mbele ya ploti. Bibi yangu na watoto walikuwa nyumbani Bungoma.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Barasa, dereva wa lori la mahindi kutoka Moi's Bridge. Aliishi hapo na bibi yake, Mama Sella. Barasa alikuwa mtu wa kucheka sana. Kila Jumapili kabla ya kanisa tulinyoana ndevu, yeye na mimi, kwa wembe mmoja.

Barasa akaugua. Akakonda miezi mingi. Akafa.

Kwa mazishi mhubiri alisema ni malaria. Mjomba wake akasema amerogwa. Sisi wengine tukakubaliana na wote wawili, kwa adabu tu. Lakini redio ilikuwa imeshaanza kutaja ukimwi, na pale kaburini kila mtu alikuwa anakumbuka mambo yake kimya kimya.

Mimi nilikumbuka wembe.

Wiki hiyo hiyo usingizi ukanihama. Ugali ukawa kama udongo mdomoni. Nafika kazini, naangalia gunia moja nusu saa. Barua za bibi yangu nikawa naziweka chini ya godoro bila kufungua, maana ningemjibu nini?

Suruali ikaanza kuteremka.

Na hapo wakuu, Munyaka ikanizika kabla daktari hajaniona. Mama Wambui akaninunulia kikombe changu peke yangu, chekundu, akasema ni zawadi. Sasa zawadi gani inafungwa na kamba kwa msumari nje ya duka?

Shida ni kwamba hii kitu ilikuwa inaambukiza kuliko ukimwi wenyewe. Mtu anakonda kwa mawazo, watu wanasema anao. Akisikia wanasema anao, mawazo yanazidi, anakonda zaidi. Yule aliyemcheka anarudi kwake, anakumbuka usiku mmoja na mwanamke kule mpakani Malaba, naye anaacha kula. Kufikia wakati wa kuvuna, ploti nzima ilikuwa inafunga suruali na kamba. Fundi wa nguo pale barabarani alikuwa na kazi moja tu, kupunguza kiuno. Naye alikuwa amekonda.

Ndipo chifu akaita baraza.

Huyo chifu alikuwa na tumbo lililosimama kabla yeye hajasimama.

"Nimesikia kuna huzuni katika location yangu," akasema. "Huzuni imetoka wapi? Barabara mmeletewa. Watoto wanakunywa maziwa shuleni. Sasa mnahuzunika kwa ruhusa ya nani?"

Tukapiga makofi.

"Tena kuna watu wanakonda makusudi! Wageni wakija, waone ni kama serikali haiwalishi. Hao ni wachochezi!"

Tukapiga makofi zaidi. Mimi nilijigonga paja, mkono wa pili ulikuwa umeshika suruali.

Amri ikatoka siku hiyo, kukonda ni marufuku. Youthwinger, wale vijana wa chama, wapite nyumba kwa nyumba, waandike jina la kila mtu mwenye uso wa huzuni, pamoja na sababu.

Upande wetu alipewa Kiprono. Mwanaume wa miaka thelathini hivi, mkubwa kama mlango, shati jekundu la chama. Ukimwona stage ya matatu anakagua kadi za chama, unavuka barabara hata kama kadi unayo.

Jumamosi mchana akaingia kwangu na kitabu.

"Mzee, jina."

"Kiprono, jina langu unalijua."

"Jina. Na sababu ya huzuni."

Sijui ilitoka wapi, lakini nikamwambia ukweli. "Naogopa kufa. Na siku zingine naona afadhali nife tu, niache kuogopa."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hayo maneno.

Akaandika jina. Alipofika kwa sababu, kalamu ikasimama. Akaketi kwa kitanda changu, kitanda ambacho hakuna mtu mwingine alikuwa amekigusa tangu mazishi, akaanza kulia. Youthwinger, wakuu! Na shati jekundu!

"Hata mimi," akasema. "Silali. Nimejaza hiki kitabu, na kila mtu anasema vile mimi nasikia. Hata Mama Wambui."

"Na yako umeandika wapi?"

"Hakuna mahali. Hiki kitabu ni cha raia."

Jumatatu tukaenda hospitali pamoja. Tukatolewa damu, tukangoja wiki kadhaa. Majibu yakarudi. Wote wawili, hakuna kitu.

Mnangoja niseme niliruka kwa furaha. Sikuruka. Niliketi kwa benchi na karatasi mkononi nikingoja hiyo furaha, haikuja. Kiprono akaniangalia. "Mzee, mbona hatusikii vizuri?"

Nesi mmoja, mama wa makamo, akatuita ndani. Akaniuliza kama nakula, kama nalala, nami nikamweleza yote, kuanzia Barasa na wembe mpaka barua za chini ya godoro. Kisha akauliza, "Na nani anakuja kukuona?"

"Hakuna."

"Huo ugonjwa wako wa mawazo ndio tunaona mwingi hapa kuliko ule mnaoogopa," akasema. "Hauonekani kwa damu. Utakuwa unakuja kila Alhamisi tuongee. Na hizo barua ufungue." Halafu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, akasema, "Bibi ya huyo marehemu je, yuko namna gani?"

Tukaangaliana na Kiprono. Mama Sella alikuwa amehamia Burnt Forest kwa dada yake baada ya mazishi. Hakuna mtu wa Munyaka alikuwa amemfuata hata na salamu.

Tukaenda. Tukampata sokoni anauza viazi, amevaa sweta mbili kwa baridi. Akatuangalia kutoka chini mpaka juu.

"Mmekuja kuona kama nimekonda?"

Kiprono akavua kofia. "Mama, tumekuja kukwambia pole."

"Miezi saba tangu nimzike," akasema. Lakini akatupeleka kwa dada yake, akatupikia chai.

Tukiwa tunakunywa akaniambia, bila hasira, "Wiki zake za mwisho Barasa alikuwa anakugongea ukuta. Alitaka tu usikie yuko. Wewe ulikuwa unaongeza sauti ya redio."

Ni kweli wakuu. Nilikuwa nasikia.

Nililia mbele ya yule mama mpaka chai ikapoa. Hakuniambia ninyamaze. Aliniongezea nyingine.

Usingizi haukurudi siku hiyo. Ulirudi kidogo kidogo, Alhamisi kwa Alhamisi. Barua nilizifungua zote Jumapili moja. Burnt Forest tukawa tunaenda kila mwezi, na safari ya tatu Mama Wambui akafunga duka akaja na sisi. Ripoti ya chifu ilienda juu ikisema huzuni imemalizwa kabisa katika location yake. Kitabu cha Kiprono hakikuambatanishwa.

Nilichojifunza ni hiki. Janga likija, wanaouguzwa ni wachache, na wanaoumia moyoni ni mtaa mzima, kila mtu akifikiri ni yeye peke yake. Wakati wa corona niliona mambo yale yale, ila chifu sasa alikuwa na barakoa.

Kama kuna mtu umeacha kumjulia hali kwa sababu unamwogopa, funga simu uende. Mimi nilichelewa.

Haya, semeni. Huko kwenu watu walikonda kwa nini, na nani aliwauliza?