Siku Nilipowafungulia Nchi Nne Samaki Wangu

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyewahubiria watafiti wa nchi nne za Ziwa Tanganyika kwamba kuficha data ni uchoyo. "Kila mutu afungue samaki zake, dunia yote ione!" nilisema hapa Uvira, nikapigiwa makofi.

Kazi yangu ilikuwa kutoka na wavuvi, kupiga picha kila aina ya samaki pale anapovuliwa, na kuzituma kwenye hazina ya data iliyo wazi kwa wote. Lakini mawimbi hunitapisha. Basi nilikaa kwenye nganda, mgahawa wa Mama Furaha kando ya barabara kule Kavimvira, nikapiga picha samaki wake kabla hajawakaanga, na kwenye ripoti nikaandika majina ya fukwe nisizowahi kuzikanyaga. Sikujua kwamba telefoni huandika yenyewe mahali pa kila picha.

Mkutano uliofuata, Goreth, mtafiti wa Bujumbura, alituonyesha ukutani ramani ya samaki wa nchi zote. Wa wenzangu walitapakaa ziwani. Wangu walirundikana kwenye nukta moja, nchi kavu.

"Kaka," aliniuliza kwa upole, "samaki zako zinaishi barabarani?"

"Ni kosa ya satelaiti," nilijibu.

Goreth akafungua picha yangu ya mwisho, ile niliyochelewa kupiga. Direkta wangu akavaa miwani, akasogea ukutani.

"Na uyu mwenye kuwekewa ndimu na pilipili," akauliza, "iko aina gani?"

Watafiti wa Zambia walicheka bila kungoja mkalimani.